Hadikoo: Ugumu na Matusi katika Muziki wa Nairobi

Katika Kiswahili cha mafundi wa ujenzi jijini Nairobi, hadikoo ni mawe yanayoshindiliwa chini ya sakafu kabla ya zege kumwagwa. Nyumba ikikamilika hayaonekani, ingawa ndiyo yanayobeba uzito. Vijana wa muziki wa kufoka walilipokea neno lilo hilo kutoka Marekani kwa maana ya ufokaji usiolainishwa ili kupendeza soko. Ngara, ambako majengo mapya ya Park Road yameinuka na matatu hupita zikirindima, maana zote mbili zina makao.

Aghalabu maana hii ya pili hufasiriwa kuwa matusi. Fasiri hiyo ina upungufu. Kalamashaka, kundi la Dandora lililovuma kwa wimbo Tafsiri Hii mwishoni mwa miaka ya 1990, lilikuwa gumu bila ya kutegemea matusi. Ugumu wake ulitokana na maudhui, yaani dhiki ya mtaa wa pembezoni iliyosimuliwa kwa Kiswahili na Sheng bila kuomba radhi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wasanii wa Calif Records, wakiwemo Nonini na Jua Cali, walilitwaa neno genge. Neno hilo lilikuwa na doa la uhalifu, nao wakaligeuza kuwa jina la fahari la muziki wao. Hapa ugumu ulihamia kwenye lugha: asiyeijua Sheng alibaki nje ya utani. Hata pale mapenzi yaliposimuliwa waziwazi, mafumbo yalikuwa na kazi, kama yalivyo katika taarabu.

Gengetone, iliyovuma tangu Lamba Lolo ya kundi la Ethic mwaka 2018, ilirithi jina hilo pamoja na utani wake. Hata hivyo, Takataka ya Alvindo, iliyozua lawama mwaka 2019, inamdunisha mwanamke kwa sababu tu amekataa kupenda. Tusi la namna hiyo halibebi chochote. Ni rangi ya ukutani.

Hivyo basi, anayeupiga marufuku muziki wote wa mtaani kwa kuwa ni mchafu, na anayeutetea wote kwa kuwa ni hadikoo, wanashiriki kosa moja: wote wawili wanautazama ukuta. Uhakiki hauna budi kuuliza kile anachouliza fundi: chini ya sakafu hii pana mawe?