Fundi Anayeihoji Mita

Ngamiani, Tanga, nilimkuta fundi umeme mzee kwenye nyumba yenye vyumba vya wapangaji. Swichi kuu imezimwa, friji limenyamaza. Kijana wake akagusisha mita ya dijitali kwenye waya wa moto na ethi ndani ya boksi: volti 67. Akasema mita ni mbovu.

Mzee hakubishana. Aliipeleka mita kwa jirani, kwenye soketi yenye umeme, ikasoma 230 na ushei. Akarudi nayo kwenye boksi, 67 ileile. Ndipo akatoa mkobani taa yake ya kupimia: balbu mbili za nyuzi zilizofungwa kwa kufuatana, kwa sababu kati ya fezi na fezi kuna volti 400, na balbu moja ingepasuka. Aliigusisha pale pale mita iliposhikwa. Hakuna uzi uliowaka, na namba ikaporomoka hadi sifuri. Akairudisha mita kwa jirani kuhakikisha bado nzima. Baada ya hapo tu ndipo aliposhika bisibisi.

Waya wa wapangaji, wenye LUKU yao, ulipita bomba moja na huu uliokatwa, na nyaya mbili zikilala pamoja, ule wenye moto humwambukiza mwenzake. Umeme huo ni hafifu mno, lakini mita ya dijitali, yenye ukinzani wa takriban omu milioni 10, haiunyonyi, basi huusoma kana kwamba una nguvu. Balbu huunyonya ukaisha. Avometer za mshale, zilizoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1923, nazo zilikula umeme kidogo ili mshale usogee, kwa hiyo hazikudanganyika kirahisi hivyo.

Na kama balbu ingewaka? Mzee angekaa chini atafute: jenereta iliyochomekwa kwenye soketi, inveta ya sola, au nyutro iliyoazimwa kutoka sakiti nyingine. Hayo huua.

Inaniuma kuona ustadi huu unavyotupwa. Vijana wengi wana tesita ya neoni mfukoni, nayo huwaka hata kwa umeme huo wa kuambukizwa. Balbu za nyuzi zinaadimika madukani, na za LED hazifai kushika nafasi yake, maana zenyewe humemeteka kwa umeme huo huo swichi ikiwa imezimwa. Zipo mita mpya zenye kitufe cha kunyonya umeme hafifu, kazi ileile ya balbu za mzee, ila wanaozinunua ni wachache, na wanaokibonyeza kitufe hicho ni wachache zaidi. Tunamlipa fundi kwa wepesi wake, tunamnung'unikia anayepima mara tatu, halafu tunashangaa kusikia msiba.

Wewe mwenye nyumba, fundi akiomba kwenda kwa jirani kuijaribu mita yake kwanza, mfungulie mlango, na usimkate hata shilingi kwa muda huo.