Jinsi Stenti Ilivyopimwa kwa Plasebo: Uchambuzi wa Utafiti wa ORBITA

Kwa miaka 40 tangu Andreas Gruentzig alipoutanua kwa puto mshipa wa moyo wa mgonjwa aliyekuwa macho, mjini Zurich nchini Uswisi, tarehe 16 Septemba 1977, tiba hiyo ilienea duniani bila kupimwa kwa namna ambayo kidonge kipya cha presha hupimwa kabla ya kuruhusiwa kuuzwa. Kidonge hulinganishwa na plasebo, yaani kidonge kinachofanana nacho kwa rangi na umbo lakini kisicho na dawa ndani yake, na wala mgonjwa wala daktari anayempima haambiwi nani amepewa kipi, kwa kuwa matumaini ya mmoja na matarajio ya mwingine huweza kupunguza maumivu yanayosimuliwa. Tiba ya kuzibua mishipa ya moyo hufanywa kwa kupitisha katheta, yaani mrija mwembamba na mrefu, kuanzia mkononi au kwenye kinena hadi kwenye mshipa unaoulisha moyo damu, kisha puto hutanuliwa na stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachouzuia mshipa usisinyae tena, huachwa humo. Ilionekana kuwa tiba isiyohitaji mtihani wa plasebo, kwa sababu picha ya kabla ilionyesha mshipa umeziba, picha ya baada ilionyesha damu inapita, na mgonjwa mwenyewe alisema amepata nafuu.

Hapa pana hali mbili zisizopaswa kuchanganywa. Mgonjwa aliyepatwa na shambulio la moyo, ambaye mshipa wake umeziba ghafla na misuli ya moyo inakufa dakika kwa dakika, huokolewa na uzibuaji huo, na hakuna mtafiti makini anayelibishia jambo hilo. Mjadala unamhusu mwenye anjina tulivu, yaani maumivu au mbano wa kifua unaokuja anapopanda ngazi au kutembea haraka na kuondoka anapopumzika, kwa sababu mshipa uliosinyaa haupitishi damu ya kutosha moyo unapofanya kazi zaidi. Utafiti wa COURAGE wa mwaka 2007, uliohusisha wagonjwa 2,287, ulionyesha kwamba kwa watu wa aina hii stenti ikiongezwa juu ya dawa haipunguzi vifo wala mashambulio ya moyo kuliko dawa peke yake. Sababu kuu iliyobaki ya kuweka stenti ikawa kuondoa maumivu, na maumivu ndiyo hasa yanayoweza kupungua kwa imani ya mgonjwa kwamba ametibiwa.

Udaktari wa moyo ulikuwa umekwisha kupewa onyo hilo. Katika miaka ya 1950 madaktari wa upasuaji walikuwa wakifunga kwa uzi mishipa miwili inayopita nyuma ya mfupa wa kidari, wakiamini kwamba damu iliyozuiwa hapo ingeelekea kwenye moyo, na wagonjwa wengi walisimulia nafuu kubwa. Mwaka 1959 Leonard Cobb na wenzake wa Seattle, Marekani, walichapisha jaribio la wagonjwa 17 ambao wote walichanwa ngozi na mishipa yao ikafikiwa, kisha daktari akapewa bahasha iliyomwambia aifunge mishipa hiyo au aiache kama ilivyo. Wanane walifungwa, tisa hawakufungwa, na nafuu iliyosimuliwa na makundi hayo mawili ikakaribiana. Mwaka uliofuata kundi la watafiti wa Kansas lilipata matokeo ya namna hiyohiyo, na upasuaji huo ukaachwa. Inashangaza, basi, kwamba taaluma iliyopata somo hilo ilikaa miongo minne na uzibuaji wa mishipa kwa katheta bila kulirudia.

Aliyelirudia ni Rasha Al-Lamee, daktari wa moyo wa Imperial College London, akishirikiana na Darrel Francis na wenzao, katika utafiti ulioitwa ORBITA. Ulifanyika katika vituo vitano vya Uingereza kuanzia Januari 2014 hadi Agosti 2017. Walichaguliwa wagonjwa wenye anjina tulivu ambao mshipa mmoja tu wa moyo ulikuwa umesinyaa kwa 70% au zaidi. Waliandikishwa 230, na 200 kati yao wakafikia hatua ya kugawanywa kwa nasibu, 105 wakiwekewa stenti na 95 wakipitishwa katika utaratibu wa plasebo.

Kabla ya hatua hiyo kulikuwa na wiki sita za dawa, na uzito wa wiki hizo katika matokeo mara nyingi haupewi nafasi inayostahili. Kila mgonjwa alipewa dawa za anjina zikiongezwa hadi kiwango ambacho mwili wake ungevumilia: beta-bloka, ambazo hupunguza kasi ya mapigo na hivyo mahitaji ya moyo; vizuizi vya kalsiamu, ambavyo hulegeza kuta za mishipa; na nitreti, ambazo hutanua mishipa na kuupunguzia moyo mzigo. Alipewa kifaa cha kupimia presha nyumbani, na daktari bingwa alimpigia simu mara moja hadi tatu kwa wiki kurekebisha dozi, huduma ambayo mgonjwa wa kawaida, awe London au Dar es Salaam, haipati. Watafiti walifanya hivyo kwa sababu miongozo ya tiba inataka dawa zitangulie na stenti ifuate pale maumivu yanapoendelea, lakini matokeo yake ni kwamba wengi walifika kwenye meza ya matibabu wakiwa wamekwisha kupata sehemu kubwa ya nafuu ambayo ingewezekana kupatikana.

Ugumu halisi wa kazi hii ulikuwa ndani ya chumba cha matibabu. Kidonge cha plasebo hutengenezwa kiwandani na mgonjwa hawezi kukitofautisha na kile cha kweli, ilhali mtu aliyelala mezani akiwa macho husikia daktari akitaja ukubwa wa stenti, huona picha kwenye skrini, na puto linapotanuliwa huweza kuhisi kifua kikibana. Kwa hiyo kila mgonjwa alivikwa vipokea sauti vya masikioni na kupigiwa muziki tangu mwanzo hadi mwisho. Baada ya picha na vipimo vya ndani ya mshipa kukamilika aliongezewa dawa za usingizi na za maumivu hadi akawa haitiki akiitwa wala akiguswa, na hapo ndipo ugawaji wa nasibu ulipofanyika. Aliyeangukia kundi la stenti aliwekewa stenti. Aliyeangukia kundi la plasebo aliachwa mezani kwa muda usiopungua dakika 15, waya na katheta vikiwa vimo mwilini, kisha vikatolewa bila jambo jingine lolote kufanyika. Wahudumu wa chumba hicho, ambao walijua kilichotendeka, walimkabidhi kwa wauguzi wa wodi ambao hawakujua, na makabidhiano yenyewe yalifuata maneno yaliyopangwa ili sura au kauli isije ikatoa siri. Makundi yote mawili yaliendelea kumeza aspirini na dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda, kana kwamba kila mmoja alikuwa na chuma moyoni, kwa kuwa kumwachisha mtu dawa hizo kungekuwa sawa na kumwambia kwamba hakuwekewa kitu.

Utaratibu huo wa plasebo haukuwa bila madhara, na hapa mwenye kuutetea utafiti anapaswa kusema wazi. Hakuna aliyefariki, lakini wagonjwa wanne wa kundi la plasebo walipata matatizo yaliyosababishwa na waya wa kipimo, ikabidi wawekewe stenti, na watano katika makundi yote mawili walivuja damu nyingi. Kilichoufanya mpango huo ukubalike kimaadili ni kwamba hakukuwa na ushahidi kuwa kuahirisha stenti kwa wiki sita kungemhatarishia maisha mwenye anjina tulivu, na kwamba baada ya wiki hizo kila mmoja angeambiwa kundi lake na kuruhusiwa kuchagua tiba.

Waya huo una maelezo yake, maana bila huo picha peke yake ingepotosha. Angiografia, picha ya eksirei inayopigwa baada ya kuingiza dawa ya kung'arisha ndani ya mshipa, huonyesha kivuli cha njia ya damu. Haionyeshi ni damu kiasi gani inaifikia misuli. Waya wenye kipima presha kwenye ncha hupitishwa ng'ambo ya sehemu iliyosinyaa, mgonjwa hupewa adenosini ili mishipa midogo itanuke na damu ipite kwa wingi, kisha presha ya ng'ambo ya kizuizi hugawanywa kwa ile ya kabla yake. Mshipa mzima hutoa uwiano unaokaribia 1, na kiasi cha 0.80 au pungufu huhesabiwa kuwa kizuizi kinachoinyima misuli damu. Katika ORBITA wastani ulikuwa 0.69, na baada ya stenti ukapanda hadi 0.90. Madaktari waliofanya kazi hiyo hawakuonyeshwa tarakimu hizo, ili zisiwashawishi. Kwa maana ya mabomba, basi, stenti ilifanya kile ilichotengenezwa kufanya, na kipimo cha ECHO cha moyo uliochochewa kwa dobutamini, ambacho hutumia mawimbi ya sauti kuangalia kama kuta za moyo zinajikaza sawasawa unapolazimishwa kufanya kazi zaidi, nacho kilionyesha nafuu iliyo wazi kuliko ya plasebo.

Kipimo kikuu, hata hivyo, kilikuwa muda ambao mgonjwa angeweza kutembea kwenye mashine ya mazoezi. Kundi la stenti liliongeza sekunde 28.4 kwa wastani, kundi la plasebo likaongeza sekunde 11.8, na tofauti ya sekunde 16.6 haikutosha kitakwimu kuondoa uwezekano kwamba ilitokana na bahati tu, kwa kuwa masafa ya uhakika ya 95% yalianzia chini ya sifuri, kwenye hasi 8.9, hadi sekunde 42.0. Utafiti ulikuwa umepangwa uweze kuitambua tofauti ya sekunde 30.

Matokeo yalipotangazwa Denver mwishoni mwa 2017 na kuchapishwa katika jarida la Lancet, wapo waliotangaza mwisho wa stenti kwa anjina tulivu, na wapo waliosema utafiti ulikuwa mdogo, mfupi, na wa wagonjwa wasio na maumivu makali. Pande zote mbili zilisoma zaidi ya kilichoandikwa. Kilichopimwa ni nyongeza ya stenti juu ya dawa zilizopangwa kwa uangalifu usio wa kawaida, kwa mtu mwenye mshipa mmoja uliosinyaa, katika wiki sita, kwa kipimo cha mazoezi. Hata ndani ya takwimu zilezile palikuwa na jambo ambalo washangiliaji walilipita: uchambuzi uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba waliosema hawana tena anjina kabisa walikuwa 49.5% kwa stenti na 31.5% kwa plasebo.

Watafiti wenyewe walielewa kwamba dawa ndizo zilizokuwa zimelifunika swali la stenti, na katika ORBITA-2, uliochapishwa mwaka 2023, wakageuza mpangilio huo. Safari hii wagonjwa 301 wa vituo 14 vya Uingereza waliachishwa dawa za anjina kabla ya kugawanywa, na walioingizwa ni wale ambao vipimo vilithibitisha kwamba misuli yao ya moyo hukosa damu. Muda wa ufuatiliaji ukawa wiki 12, na kipimo kikuu kikahamishwa kutoka kwenye mashine kwenda kwa mgonjwa mwenyewe, ambaye kila siku aliandika katika programu ya simu ameumwa mara ngapi. Mpango wa usingizi, muziki na kusubiri mezani ulibaki uleule. Kundi la stenti lilikuwa na maumivu machache kwa uwazi, lilitembea kwa muda uliozidi ule wa plasebo kwa karibu sekunde 60, na 40% yao hawakuwa na anjina mwishoni, wakati kwa plasebo walikuwa 15%.

Tarakimu hiyo ya 40% ina upande wake wa pili, ambao haukutangazwa kwa sauti kubwa: wagonjwa sita kati ya kumi, waliochaguliwa kwa uangalifu na kuzibuliwa mishipa yao, waliendelea kupata anjina. Huenda chanzo cha maumivu yao kiko katika mishipa midogo ambayo angiografia haiioni, au kiko nje ya moyo, na picha nzuri baada ya stenti haiwezi kutofautisha kati ya hayo mawili.

Timu hiyo sasa imeupeleka utaratibu wake kwenye vifaa vingine. Katika ORBITA-COSMIC, uliochapishwa 2024, wagonjwa 51 ambao hawakuwa na tiba nyingine iliyobaki waligawanywa kati ya plasebo na kifaa cha wavu wa chuma chenye kiuno chembamba, ambacho huwekwa kwenye vena kuu inayoondoa damu kwenye misuli ya moyo ili kuifinya njia hiyo na kuelekeza damu kwenye sehemu zenye upungufu. Picha za MRI hazikuonyesha kwamba damu iliongezeka katika sehemu hizo, ilhali maumivu ya kila siku yaliyoandikwa na wagonjwa wasiojua kundi lao yalipungua kwa waliowekewa kifaa, na namna chuma hicho kinavyoleta nafuu bado inatafutiwa maelezo.