Barafu ya Kilimanjaro ina umri gani kweli?

Mwaka 2000 timu ya Lonnie Thompson ilichimba nguzo sita za barafu kileleni Kilimanjaro. Makala yao ya 2002 katika jarida la Science ilisema barafu hiyo ina miaka kama 11,700. Kazi ngumu, heshima yao. Lakini hebu angalia huo umri walivyoupata.

Juu walikuwa na alama ya majaribio ya nyuklia ya miaka ya 1950. Huko chini walilinganisha mabadiliko ya oksijeni-18 na yale ya pango la Soreq, Israel. Yaani saa ya Kilimanjaro tumeisetia ugenini! Mwaka 2010 Georg Kaser na wenzake wakahoji: je, kama barafu iliwahi kuisha, ikarudi tena?

Kuna jambo la pili. Ukanda wetu, mvua ikinyesha sana oksijeni-18 hupungua, kwa hiyo si kipimajoto tu. Songea tuna msimu mmoja wa mvua, Moshi wana masika na vuli. Misimu ikihama, isotopu hubadilika hata kama joto ni lilelile. Ndiyo maana modeli za tabianchi zinazofuata isotopu kuanzia baharini hadi tone linapodondoka zina kazi: zinapima maelezo yote mawili.

Makala ilitabiri barafu itaisha kati ya 2015 na 2020. Bado ipo, ingawa inazidi kupungua. Mtu akikucheka kwa hilo, usiitetee namba. Mwoneshe kilichopimwa ni kipi, na kilichokisiwa ni kipi.