Bustani ya Shangazi Haifi Yote

Mche wa nyanya ukinyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani, wengi wetu hukimbilia ndoo ya maji. Shangazi yangu, anayelima mboga nyuma ya nyumba yake Mbezi, Dar es Salaam, huchukua kisu. Hukata kipande cha shina karibu na ardhi, akakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, kisha akakaa kutazama bila kuitikisa. Ikiwa ni mnyauko wa bakteria, baada ya dakika chache uzi mweupe mithili ya tui huanza kuteremka kutoka pale alipokata.

Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya mche, naye hapotezi siku kuitafuta. Huung'oa pamoja na mizizi yake na kuuchoma. Kwenye tuta lile hapandi tena nyanya, bilinganya, nyanya chungu wala pilipili kwa misimu kadhaa, kwa kuwa zote ni za ukoo mmoja na maradhi yao ni mamoja. Hupanda mahindi. Jioni ileile utamkuta anapalilia bamia.

Wanaomsifu husema Mungu kamjalia moyo mgumu. Moyo anao, lakini nimemtazama kwa miaka mingi, na naamini matumaini yake ni kazi ya mikono, ameyapanga kwenye matuta kabla hasara haijafika. Mchicha hausii wote kwa mpigo. Kila juma huchanganya mbegu kidogo na mchanga mkavu, maana ni ndogo mno na bila mchanga hurundikana mahali pamoja, akasia mstari mmoja tu. Kuku wa majirani wakichakura mstari wa juma hili, wa juma lililopita umeshachomoza, na ule wa mwanzo unakaribia kuliwa, kwani mchicha huwa tayari kwa wiki tatu au nne. Matembele yako kando ya bafu yanakofika maji ya kuogea, na hayo hupandwa kwa vipande vya mashina, hayadai mbegu wala kitalu. Sijawahi kuiona bustani ile ikiwa haina cha kuchuma kabisa, hata baada ya masika yaliyogeuza kitalu kuwa dimbwi.

Mahali ambapo ufundi wake unanishangaza zaidi ni kwenye majani ya nyanya. Kantangaze, mdudu mwenye asili ya Amerika Kusini, alionekana Hispania mwaka 2006, na kufikia 2014 alikuwa ameshaingia Tanzania. Kiwavi wake hula katikati ya ngozi mbili za jani, kwa hiyo dawa nyingi humpita juu. Shangazi hupita asubuhi na mapema, mche kwa mche, akigeuza kila jani. Penye bakabaka hafifu huliinua kuelekea jua: nyama ya jani imeliwa, imebaki ngozi inayopitisha mwanga, na mwizi mwenyewe anaonekana ndani. Jani hilo huchumwa likatiwa kwenye chupa ya plastiki, kifuniko kikafungwa, chupa ikaachwa juani. Ni kazi ya taratibu mno. Mwenye ekari tano hawezi kuifanya, lakini mwenye miche ishirini anaweza, na hapo ndipo bustani ya nyumbani inapolishinda shamba kubwa.

Halafu kuna kuoza kitako. Nyanya inaanza kukua vizuri, kisha upande wa chini unakuwa mweusi na kubonyea. Watu hununua dawa ya ukungu, wakapulizia, na tunda linalofuata likaoza vilevile. "Huu si ugonjwa," aliniambia mara moja, "ni kiu ya leo na gharika ya kesho." Ni kweli. Madini ya kalsiamu husafiri na maji, na maji yakija kwa vipindi hayafikishi mzigo huo kwenye ncha ya tunda. Maji ya bomba kwetu ni ya mgao, na udongo wa kwake ni kichanga kisichoshika unyevu. Basi hujaza madumu siku maji yanapotoka, humwagilia kidogo kila jioni, na hufunika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu. Matunda yaliyokwisha kuoza huyatoa. Kichala kinachofuata hutoka safi.

Mbegu hutunza mwenyewe. Hupanda Tengeru 97, ambayo si chotara, hivyo mbegu zake huzaa nyanya zinazofanana na mama yao. Huchagua mche uliovumilia msimu mbaya, hata kama si wenye matunda makubwa kuliko yote. Nyanya zilizoiva sana huzikamulia kwenye bakuli, akaziacha zichachuke siku mbili tatu mpaka ule utelezi utoke, kisha huziosha: mbegu tupu huelea, nzima huzama. Huzianika kivulini, akazifungia kwenye vikaratasi vyenye mwaka na jina.

Vikaratasi hivyo havikai vyote nyumbani kwake. Kimoja hukaa kwa mama wa duka la pembeni, kingine kwa fundi cherehani, kingine kwangu. Kila msimu hutuuliza tumepanda nini na kimeotaje, na mwaka nyanya zake zilipoisha zote, alikuja kwangu kuchukua mbegu, akaatika upya siku hiyohiyo.