Miezi Isiyosimuliwa katika Hadithi ya Asili ya Wamakonde

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, toka Mocímboa da Praia mpaka Palma na mlangoni mwa mto Ruvuma, Kiswahili huishi ujirani na Kimwani na Kimakonde, na hadithi huvuka mto pamoja na watu. Mashuhuri miongoni mwake ni ile ya asili ya Wamakonde. Walimu wengi wanaijua, kwa kuwa hutajwa kila vinyago vinapozungumzwa. Sisi tunaona kwamba imejulikana kwa upande mmoja tu.

Muhtasari wake ni huu. Kiumbe ambaye hakuwa bado mtu aliishi peke yake porini. Akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, akaisimamisha, na usiku ikapata uhai. Wakashuka Ruvuma kuoga, na huko mke akazaa mtoto mfu. Wakahamia bonde la Mbemkuru. Akazaa tena mtoto mfu. Mara ya tatu wakarudi juu, kwenye vichaka vya Mahuta, na hapo mtoto akaishi. Ndivyo alivyoiandika mmisionari, Padre Adams, na Mjerumani Karl Weule, aliyezuru kusini mwa Tanzania mwaka 1906, akaieneza kwa kitabu chake cha safari.

Wauzaji wa vinyago huishia pale sanamu inapoamka. Hatuwalaumu, kwani wao wanauza mpingo. Lakini mhakiki anayeishia hapo ameacha kiini cha maudhui. Muujiza wa kinyago umemalizika katika usiku mmoja; sehemu yote iliyobaki ni ya watu wawili wanaotaka mtoto na hawampati. Na swali kubwa la hadithi ni hili: baada ya maziko mawili, nani alaumiwe?

Jibu lake ni la ajabu kwa mtu aliyezoea ngano zetu za pwani. Katika nyingi ya ngano hizo, sultani hana mtoto, naye huongeza wake au hutafuta mganga; upungufu umekwisha kuwekwa tumboni mwa mwanamke kabla hadithi haijaanza. Hapa sivyo. Mume hakumwita mkewe tasa, hakumrudisha porini, hakuchonga mwingine, ingawa panga na mti alikuwa navyo. Waliishuku ardhi waliyoikalia, wakahama pamoja. Hilo la "pamoja" ndilo tungependa wanafunzi walipigie mstari.

Hata hivyo, hadithi hii ina pengo. Kati ya usiku wa kinyago na mtoto wa kwanza, kati ya mtoto wa kwanza na wa pili, kulikuwa na miezi. Mwanamke aliihesabu vipi? Hadithi haisemi neno. Sababu tunayoidhania ni nyepesi: mambo ya hedhi ni ya unyago, hufundishwa na wanawake kwa wanawake, na hapa msikilizaji alikuwa padre. Mtu gani angemsimulia padre habari za damu ya mwezi? Basi tuliyonayo ni nusu ya hadithi, nayo tumeizoea hata tukaidhani nzima.

Nusu ile nyingine ingekuwa na utajiri mkubwa wa fani. Lugha yetu humwelezea mwanamke kwa maneno ya mbinguni na ya kalenda: yumo mwezini, ameona siku zake, siku zimempita. Mwanamke aliyeolewa anaposema siku zimempita, alama ni moja na maana zake ni mbili. Mwezi wa kwanza nyumba hufurahi, kwa kuwa huenda ni mimba. Mwezi wa nne, tumbo likiwa vile vile, ukimya ule ule huwa tishio, na wakwe huanza kunong'ona. Mshairi gani angetaka sitiari kali kuliko hii?

Minong'ono hiyo mara nyingi haina msingi. Hedhi hukatika kwa sababu nyingi: kunyonyesha, kupungua mwili sana, hofu ya muda mrefu, sindano ya uzazi wa mpango, hitilafu za tezi, na nyingi ya hizo hutibika au hupita zenyewe. Tena mume naye ana fungu lake katika kukosa mtoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mzima 1 kati ya 6 hupata tatizo hili katika maisha yake, na halikusema mwanamke, lilisema mtu.

Nchini Uholanzi, katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, wanawake wengi walikatikiwa na hedhi, na mimba zikapungua sana. Chakula kiliporudi, mimba nazo zikarudi. Tunalitaja hili kwa sababu ya pwani tuliyoanza nayo. Vita vilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na Palma ikashambuliwa Machi 2021. Watu wakakimbia, wengine Pemba, wengine wakapanda uwanda wa Mueda, kana kwamba wanaifuata hadithi. Lakini huko juu walikuta njaa na mahema. Mwanamke aliyepotewa na siku zake katika safari ile, kisha akaitwa mgumba, amedhulumiwa na neno. Hadithi ya kale ingemtazama kwa haki zaidi, kwa kuwa ingeuliza kwanza: mlikuwa mkiishi wapi, na mlikuwa mkila nini?

Wala hatuitakasi. Mke wa kinyago hana jina wala kauli. Mtoto wa tatu akiisha kuishi, mama hatajwi tena ila kwa wingi wa wanawe. Mwalimu asiuficha udhaifu huo darasani.

Watu wengi wamekwisha kurejea Mocímboa na Palma. Tungefurahi sana iwapo mwalimu mmoja wa kike miongoni mwetu, ajuaye Kimakonde au Kimwani, angekwenda kuikusanya upya hadithi hii. Asianze na mchongaji. Amwendee kungwi mzee, amwulize juu ya ile miezi.