Daraja la Shaba

Invata yangu ya sola ilikuwa ikizima kila friji ilipoanza kuvuta. Fundi mmoja wa Ruiru akaifungua, akalaza bodi kifudifudi chini ya taa, akanisogezea kioo cha kukuzia. "Cheki hapa, boss."

Mgongo mzima wa bodi ni shaba, unene wake mikromita 35 hivi. Shaba hiyo ndiyo graundi, njia ya umeme kurudi ulikotoka. Katikati imepasuliwa na mstari mwembamba kama ukingo wa ukucha: huku graundi ya transista za nguvu, huku ya chipu inayoziamuru. Mahali pamoja tu mstari unakatika, shaba inashikana. Mimi niliona mpasuko. Fundi alikuwa ananionyesha daraja.

Transista zile huwaka na kuzima makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Sentimita 1 ya njia ya shaba ina kama nanohenri 10. Ampea 10 zikikatika ndani ya nanosekunde 20, volti 5 huzuka palepale tunapopaita sifuri. Chipu inayohesabu milivolti itapimaje, mizani ikiwa juu ya mtumbwi?

Basi mbona graundi hizo mbili zisitenganishwe kabisa? Kwa sababu amri ya chipu nayo lazima irudi, na hupenda kurudi moja kwa moja chini ya njia iliyoendea. Ikirushwa juu ya ufa, itazunguka mbali na redio ya jirani itakoroma. Mchoraji wa bodi hii alipitisha njia ya amri juu ya daraja barabara. Hapo nilikaa nikitazama.

Mito ya Chania na Thika huporomoka kila mmoja kivyake kando ya hoteli ya Blue Posts, kisha hukutana chini zaidi. Graundi hizi nazo zimekutanishwa penye utulivu, kwenye mguu hasi wa kapasita. (Wanaoanza hupenda mno kupasua, ingawa mara nyingi shaba nzima na mpangilio mzuri hutosha.) Upande wa volti 240 ndio hauna daraja. Bodi yenyewe imetobolewa mwanya, ili vumbi la machimbo ya Juja likilowa, umeme usipate pa kutambaa.

Na ugonjwa? Tone la risasi, kazi ya aliyeitengeneza kabla, lilikuwa limeziba mpasuko mbali na daraja, mkondo wa transista ukapenya hadi graundi ya chipu. Fundi akalifyonza kwa utepe wa nyuzi za shaba, akapangusa kwa spiriti, akachomeka friji. Ikanguruma. Invata haikuzima.