Skrubu ya Hewa au Skrubu ya Petroli? Juu ya Tafsiri ya Mwongozo wa Kabureta

Tumepata kuisoma tafsiri ya mwongozo mfupi wa kubadilisha na kurekebisha kabureta ya pikipiki ya theluji ya zamani, iliyotayarishwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili waishio Kanada. Huenda msomaji akastaajabu kwamba tunazungumzia chombo ambacho wengi wetu hatutakipanda maishani. Lakini istilahi hupimwa barabara pale ambapo msomaji hana mazoea ya kumsaidia kukisia.

Chombo chenyewe ni cha jamii ya kile alichoanza kukiuza Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, mwaka 1959 kwa jina la Ski-Doo. Mbele kina skii mbili, chini kina mkanda mpana unaozungushwa na injini ya petroli, na mwendeshaji hukikalia kama pikipiki. Wako watakaosema kwamba pikipiki isiyo na gurudumu si pikipiki. Sisi twaona jina hilo latosha.

Kosa kubwa liko kwenye neno moja, nalo ni 'skrubu ya kurekebishia'. Mashine nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilifungwa kabureta za Tillotson, ambazo hupokea petroli kwa msaada wa kiwambo. Wenye mashine hizo, wakichoshwa na viwambo vilivyokauka, aghalabu huziondoa na kufunga za Mikuni, zenye boya. Katika kabureta ya Tillotson skrubu hupima petroli: ukiifungua, petroli huongezeka. Katika ile ya Mikuni skrubu ya pembeni hupima hewa: ukiifungua, hewa huongezeka na petroli hupungua kwa kadiri hiyo. Mfasiri amezipa zote mbili jina moja. Msomaji aliyezoea kabureta ya zamani, akiona injini inakosa petroli, ataifungua skrubu ya kabureta mpya kama alivyozoea, na kumbe anazidisha upungufu ule ule. Injini hizi nyingi ni za mipigo miwili. Oili yake huchanganywa na petroli, hivyo petroli ikipungua, na oili hupungua. Upungufu ukifika hadi mwendo wa kasi, pistoni hupata moto kupita kiasi na mwisho hukwama au kutoboka. Kwa hiyo twapendekeza 'skrubu ya petroli' na 'skrubu ya hewa', kila moja kwa mahali pake. Jina la kipimio litaje kile kinachopimwa.

Tunampongeza mfasiri kwa jambo moja: hakuandika 'mafuta' hata mara moja. Neno hilo, ambalo kwetu hubeba petroli, dizeli na oili pamoja, lingeuvuruga mwongozo wote.

Hatuwezi kusema hivyo juu ya 'mchanganyiko tajiri' na 'mchanganyiko konda'. Hapa Kiingereza kimevishwa kanzu tu. Isitoshe, konda kwa msomaji wa Dar es Salaam ni yule anayedai nauli mlangoni mwa basi. Wenzetu kadhaa walipendekeza 'mzito' na 'mwepesi', na kwa injini za kwetu huenda yangefaa. Katika baridi kali hayafai. Kipimo cha joto kikishuka kutoka sifuri hadi nyuzi 25 chini yake, hewa huwa nzito zaidi kwa karibu sehemu moja katika kumi, na kwa sababu hiyo hudai petroli zaidi. Oili nayo huwa nzito kwa maana nyingine kabisa. Ukurasa mmoja hauwezi kubeba uzito wa namna tatu. Tuandike 'wenye petroli nyingi' na 'wenye petroli haba'. Ni maneno marefu, lakini fundi anayetazama plagi nyeupe mkononi hana haja ya ufupi.

Limebaki suala la sindano. Ndani ya kabureta ya Mikuni yaning'inia sindano iliyochongoka, yenye mifuo juu yake, na kidude kidogo hubana katika mmojawapo wa mifuo hiyo. Mfasiri amekiita kidude hicho 'klipu', kisha akaandika: "Ipandishe mfuo mmoja." Ipi? Sindano ni ngeli ya *i-*, na klipu vile vile. Klipu ikipanda, sindano hushuka, na petroli hupungua; sindano ikipanda, petroli huongezeka. Kama angesema 'kibanio', upatanisho wenyewe ungemwongoza msomaji: "Kipandishe." Lugha yetu ina ngeli zinazofanya kazi hii bila gharama, nasi twaziacha tukiokota neno geni.

Kuhusu mwendo wa injini ikiwa imesimama bila kupewa moto, mfasiri ametumia maneno saba. Mafundi wa Tanzania huuita 'sailensa', neno ambalo asili yake ni kizuia kelele cha bomba la moshi. Limepotoka, lakini limekwisha kuzoeleka gereji, na tungependa walimu wa vyuo vya ufundi watuandikie kama wanalikubali kabla hatujalipeleka kwenye kamati.